Barafu haipandi kutoka baharini

Sekondari tulikariri sura za nchi zilizochongwa na barafu, na karibu kila mfano ulitoka milima ya Alps. Hakuna aliyetuambia kwamba ushahidi mzito kabisa wa barafu ya kale umelala Afrika. Nadhani tulipunjwa.

Pale Nooitgedacht, karibu na Kimberley, Afrika Kusini, kuna miamba ya volkeno iliyosuguliwa ikawa kama sakafu, imejaa mikwaruzo mirefu iliyokwenda sambamba. Miaka milioni 300 hivi iliyopita barafu nene ilipita hapo. Barafu tupu ni laini mno kukwaruza mwamba. Waliofanya kazi ni mawe yaliyoganda kwenye kitako chake, yakaburutwa chini ya uzito ule kama msasa.

Mkwaruzo unakupa mstari wa safari, ila peke yake mara nyingi hausemi barafu ilielekea ncha ipi. Kwa hiyo unatazama pia vichuguu vya mwamba: upande barafu ilikotokea una mteremko wa taratibu uliosuguliwa, na upande wa pili umemegwamegwa. Kisha unaokota mawe mageni na kuuliza kwao ni wapi.

Hapa ndipo ninaposisimka. Kusini mwa Brazili, mikwaruzo ya enzi hiyohiyo inaonyesha barafu iliingia kutoka kusini-mashariki, yaani iliko Atlantiki leo. Tabaka la barafu kubwa kiasi hicho halizaliwi baharini likapanda nchi kavu! Lakini sogeza Amerika Kusini uibandike kwenye Afrika, na barafu inapata kwao: upande wa Namibia.

Alexander du Toit, mwanajiolojia wa Afrika Kusini, alikwenda Amerika Kusini mwaka 1923 kulinganisha miamba ya pande zote mbili. Akasimama na Alfred Wegener, Mjerumani aliyedai kuwa mabara yaliwahi kuungana. Wanajiolojia wengi wa Ulaya na Marekani waliwakatalia hadi miaka ya 1960. Wegener alifia kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930, hakuiona siku ya kukubaliwa, na hilo huniuma.

Tanzania nayo imo. Katika bonde la Ruhuhu, chini ya matabaka ya makaa ya mawe, kuna mashapo yaliyoachwa na barafu ya enzi hizo. Natamani mwanafunzi wa Ludewa, wilaya ya hukohuko, aanzie hapo, Alps zije baadaye.