Si mchi, ulikuwa mwiko

Nyie, ile voisi ya Kipara inayozunguka kwenye magrupu tangu juzi, naomba iishie hapo ilipofika. Jana nimekwenda kijiweni Tandika nikakuta mafundi wenzangu wameniwekea kiti, na chini ya kiti chetezo kinafuka ubani. Kipara kasema mambo matatu: kwamba mama mkwe kanitwanga mchi, kwamba nilikuwa uchi wa mnyama, na kwamba jini liliomba halua. Mawili ni uongo. Acheni niseme mwenyewe kabla hayajafika Dodoma.

Kwa wageni: mwenzenu nakoroma. Mama Nasri anasema nikianza, paka anahama. Sikuwahi kuona kama ni ugonjwa. Babu alikoroma, baba akakoroma, na kwetu mtu akikoroma maana yake kashiba. Tena kilichomtisha mke wangu si ile ngurumo, ni pale inapokata. Kimya. Anahesabu moja, mbili, mpaka kumi na tano, kashaanza kuwaza nani apigiwe simu kwanza, ndipo nakurupuka kama jenereta iliyovutwa kamba mara ya tatu. Mchana sasa, nasinzia popote. Niliwahi kusinzia kichwa kikiwa ndani ya friji la mteja. Aliyeniamsha ni mteja mwenyewe, anauliza kama limepona.

Daktari akanipima shingo kwa tepu kama fundi cherehani: sentimita 45. Akanipa vipimo vya kulala navyo usiku mmoja, mkanda kifuani, kimrija puani na kidude kinachobana kidole. Majibu: pumzi inakata mara 41 kwa saa, kila mara sekunde kumi au zaidi. Kuanzia 30 wao wanahesabu ni kali. Nililala saa sita, pigeni wenyewe: mara 246 nakabwa na koo langu mwenyewe. Misuli inalegea, njia ya hewa inajifunga, ubongo unanizindua nipumue, na asubuhi sikumbuki kitu. Kumbe ndiyo sababu nyingine ya presha kugoma kushuka. Nikaambiwa nipunguze kilo, nilale ubavu, nisiguse usukani nikiwa na usingizi, na nilale na mashine. Wenyewe wanaiita sipapu.

Kusema kweli niliikataa wiki mbili. Barakoa ya pua na mdomo, mikanda mpaka kisogoni, bomba kama la mashine ya kufulia, halafu baba mzima wa miaka 44 unakaa kitandani unafungwa kichwa na mkeo huku mtoto anachungulia mlangoni. Kilichonilainisha ni ufundi. Niliifungua (msifanye hivi), nikakuta ni feni na mota tu, inasukuma hewa hii hii ya kawaida ili koo lisijifunge. Nikasoma kwamba daktari mmoja wa Australia, Colin Sullivan, alipoanza na kitu hiki mwaka 1980 alitumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi. Aah! Kumbe ni mtu wa kijiweni! Usiku ule nikalala nayo. Asubuhi niliamka nikajishika shika, maana sikuwa nimechoka na sikujua hali hiyo inaitwaje.

Basi Ijumaa tukaenda Muheza, shemeji yangu mdogo anaolewa. Wanawake wote wako uani na masufuria, Mama Nasri yumo. Mimi kwa heshima ya ukwe nikapewa chumba peke yangu. Nikachomeka mashine, nikajifunga kanga ya mke wangu kwa ajili ya joto, nikalala. Kanga imeandikwa Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu. Sikuichagua mimi.

Saa tisa usiku umeme ukakatika.

Hapa naomba twende polepole.

Umeme ukikatika, mashine haisukumi tena. Barakoa ina kitundu chake cha dharura, hufi. Daktari alinieleza vizuri na mimi nikaitikia vizuri. Lakini gizani, ugenini, hewa ya ndani imekuwa ya moto kama ya sufuria ya wali iliyopaliwa makaa, nani anakumbuka kitundu? Nikavuta mkanda, ukakamata sikio. Nikavuta wa pili, ukakaza wa kwanza. Nikasimama. Bomba likanifuata, mashine ikalifuata bomba, kikopo cha maji kikachomoka kikanimwagikia kwenye kanga, mbele hapa. Maji ya mashine. Narudia, ya mashine. Nikapapasa mlango, nikatokea koridoni nimeikumbatia ile mashine kama mtoto wa kuokota.

Mwisho wa koridoni kukawaka tochi ya simu. Mama mkwe, katoka uani, mwiko wa pilau mkononi.

Jamani, mimi na huyu mama miaka 12 hatujawahi kutazamana vizuri. Namsalimia nikiwa natazama mkeka. Leo ananimulika: kitu kipana, tumbo wazi, kanga imelowa, hakina mdomo, kina mkonga. Mwanga ukashuka taratibu na mkonga mpaka kwenye boksi. Ukapanda tena na mkonga mpaka kwenye macho yangu. Ukatulia hapo. Mkono wake hata hautetemeki, na hicho ndicho kilichoniogopesha.

Akaanza Ayatul Kursiy, kwa sauti ile ile anayofundishia madrasa.

Nikasema, "Mama, ni mimi." Kilichotoka ni mmm, mmm, mmm. Akaimaliza aya bila haraka, akasogea hatua moja mbele. Angekimbia, aibu ingeishia hapo. Akauliza kama wanavyouliza wenye kazi zao:

"Umetumwa na nani?"

Sasa si nimeulizwa? Nikajibu ukweli. "Na daktari!"

"Makata?" Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la mdeni wa zamani. "Haya Makata, unataka nini kwa wanangu?"

Pumzi sina. Nikajioneshea kidole kwenye barakoa, nikapiga ukelele kwa nguvu zilizobaki: "Hewa! Hewa!"

Kimya. Halafu nikamsikia anageukia uani, sauti imelegea kidogo, kama mwenye duka aliyetajiwa bei inayozungumzika: "Nyie! Lete halua!"

Nikakataa kwa kichwa. Mkonga nao ukakataa, huku na huku. Nikamsogelea nimwoneshe mikanda, na hapo ndipo mwiko ulipokuja. Mmoja tu, juu ya sikio, lakini mwiko wa pilau la watu 300 msiufikirie kama kijiko. Kishikizo kikaachia chenyewe. Barakoa ikadondoka. Ikaingia hewa ya Muheza, ina bizari, ina moshi wa kuni, sijawahi kuvuta hewa tamu namna ile.

"Shikamoo mama," nikasema.

Akanitazama. Akazima tochi. Gizani nikasikia, "Marahaba, mkwe wangu," kisha ndala zikirudi uani, kwanza polepole, halafu mbio, halafu kicheko cha wanawake thelathini.

Yaliyobaki hayana maana. Ndoa ilifungwa, nundu niliifunika kwa kofia, mashine ni nzima, betri na inveta nimeshanunua. Mama mkwe amempigia mwanawe mara mbili kuuliza kama ile dude wanauza na saizi ya baba mkwe, maana naye hukata. Kipara alituleta kwa Noah na usiku kucha alikuwa amelala ndani yake barabarani, kwa hiyo huyo shahidi wenu alikuwa anakoroma. Mchi hakuuona, na uchi hakuuona.

Hilo la halua sasa. Ilikuja kweli, sahani nzima, shemeji mmoja akaitua chini kwa mbali akatoka mbio. Mimi nimekaa sakafuni koridoni, sikio linawaka, giza, na halua ile ni ya Unguja, ina hiliki. Asubuhi sahani ikakutwa tupu, na wapishi wakaafikiana kwamba Makata karidhika.