Nadharia ya Orlando Ndani ya Leba

Mtajie mkunga nadharia za uuguzi, atakumbuka mtihani wa chuo. Ana sababu. Aliye peke yake zamu ya usiku na akina mama sita anahitaji vitu vinavyoshikika: patografu (chati ya kufuatilia uchungu), fomu ya makabidhiano ya zamu, mfuko wenye alama wa kupimia damu. Na ushahidi upo. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa 2023, ulionyesha kuwa mfuko huo ukienda na matibabu yanayotolewa kwa mkupuo mmoja, madhara makubwa ya kuvuja damu hupungua kwa asilimia 60. Ida Jean Orlando, muuguzi wa Marekani mwenye mojawapo ya nadharia hizo, hakutuachia namba ya aina hiyo.

Ila mfuko hupima damu iliyotoka nje tu.

Orlando aliandika mwaka 1961 kwamba neno au kitendo cha mgonjwa huweza kubeba haja ambayo muuguzi hawezi kuijua kwa kukisia. Lazima amrudie na kumuuliza kama alivyomwelewa ndivyo. Kisichopita hapo ni kitendo cha mazoea, hata kikifanywa kwa ustadi.

Chukua mama aliyejifungua saa moja iliyopita. Kizazi kimekaza vizuri, mfuko una mililita 200, presha 110 kwa 70. Anasema, "Nesi, nabanwa haja kubwa, kuna kitu kinanisukuma huku nyuma." Jibu la mazoea tunalijua: "Kawaida hiyo mama, si umetoka kuzaa? Vumilia." Anayemfuata Orlando atauliza: "Naona umelalia ubavu, hutaki kukaa. Ni haja, au ni maumivu? Yanazidi?" Yakiwa yanazidi, anavaa glovu na kuchunguza papo hapo. Huenda damu inajikusanya ndani ya ukuta wa uke, na huko hakuna tone litakaloufikia mfuko.

Presha nayo huchelewa kusema. Mwili wa mjamzito huongeza damu kwa takriban asilimia 40 hadi 50, kwa hiyo mama anaweza kupoteza lita nzima presha ikiwa bado inapendeza. Mapigo ya moyo hutangulia: yakiwa 112 kwa dakika, ukiyagawanya kwa namba ya juu ya presha, tuseme 104, unapata 1.08, wakati 0.9 tu tayari ni tahadhari. Lakini hata mapigo hupimwa kila dakika 15, tena pale watumishi wanapotosha. Katikati ya vipimo viwili, kinachotoa taarifa ni mdomo wa mama: kiu, baridi, kizunguzungu, "nesi, naogopa".

Swali lenyewe huchukua sekunde kumi. Kigumu ni kulifuatilia jibu huku kitanda cha pili mtoto anatoka, na hapo wakunga wasilaumiwe bure. Idadi yao ni ndogo mno. Ndiyo maana maneno ya mama yanapaswa kuingia kwenye fomu ya makabidhiano, mstari wa kwanza, kama alivyoyatamka. "Analalamika maumivu" humfanya anayepokea zamu atafute dawa ya kutuliza. "Amesema mara mbili kuna kitu kinamsukuma nyuma, na sasa hawezi kukaa" humpeleka kitandani kabla hajatua mkoba.