Texas wamechukua alama za vidole vyangu, Dodoma dalali anahitaji simu tu

Nimetoka kuchukuliwa alama za vidole. Vyote kumi, kimoja baada ya kingine, dada wa pale akinishika kiganja na kukibonyeza juu ya kioo, kisha akanipiga picha. Siombi viza wala sina kesi. Naomba leseni ya udalali wa nyumba hapa Houston, na jimbo la Texas halinipi mpaka polisi wa jimbo na FBI wapekue kama niliwahi kuiba, kughushi au kutapeli mtu. Nilitoka pale nimefurahi sana. Nafika kwenye gari, nafungua simu, nakuta ujumbe wa sauti wa shangazi kutoka Dodoma: dalali aliyemuuzia kiwanja kule Nzuguni hapatikani tena, namba imezimwa. Basi naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kwanza niwaeleze wanachodai hapa, maana wengi mnadhani huku mtu anaamka tu asubuhi anaanza kuuza nyumba. Uwe umetimiza miaka 18 na uwe unaishi nchini kihalali. Usome saa 180, kozi sita za saa 30 kila moja: misingi ya biashara ya nyumba sehemu mbili, sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, namna ya kujaza fomu za mikataba zilizoidhinishwa, na mambo ya fedha na mikopo ya nyumba. Nimezisoma usiku nikitoka zamu, chai pembeni, watoto wamelala. Halafu unafanya mtihani wenye sehemu mbili, ya kitaifa na ya jimbo, na ukianguka mara tatu unarudishwa darasani kabla ya kuruhusiwa kujaribu tena. Ukishafaulu bado hufanyi kazi peke yako. Lazima uwe chini ya broka, yaani wakala wa ngazi ya juu, aliyekubali kukudhamini, na komisheni yote inapitia kwake. Mteja hakupi wewe mkononi hata senti. Ukitaka kuwa broka mwenyewe, uwe na uzoefu wa miaka minne na masomo yanayofika saa 900. Leseni inadumu miaka miwili. Mara ya kwanza kuihuisha unaonyesha umesoma saa 98 nyingine, baadaye saa 18 kila baada ya miaka miwili, mpaka utakapoacha kazi.

Wanaosimamia haya ni tume ya jimbo inayoitwa TREC, iliyoanzishwa mwaka 1949. Sheria yenyewe ni ya 1939. Mjue kwamba hata hawa hawakuzaliwa wakiwa na utaratibu. Walitapeliana kwanza, ndipo wakaandika sheria.

Lakini kilichonishika mimi si wingi wa saa, ni pesa. Tuliponunua nyumba hapa, nilimuuliza wakala wetu nimwandikie nani hundi ya malipo ya awali, kile ambacho kwetu tunaita kishika uchumba. Akasogeza mikono nyuma kama nimemwonyesha moto. Akasema hundi iandikwe jina la kampuni inayoshughulikia hati, yeye haishiki, na ndani ya siku tatu tangu mkataba uanze iwe imefika. Nikamwomba aniongezee kipengele kwenye mkataba, akakataa: yeye si mwanasheria, anajaza nafasi zilizoachwa kwenye fomu ya tume, basi. Nikamuuliza kama anamwakilisha na muuzaji pia. Akanipa karatasi moja ya tume inayoeleza nani anafanya kazi kwa niaba ya nani, akaniambia kuwahudumia wote wawili bila ridhaa yao ya maandishi ni kosa la kumpotezea leseni.

Sasa nendeni Dodoma, Area C, Ilazo au Kisasa, mkamweleze dalali mambo hayo. Anachukua kwa mwenye nyumba, anachukua kwa mpangaji, na katikati ameweka cha juu ambacho hakuna anayekijua. Nyumba mwenye nyumba anataka laki mbili, wewe unaambiwa laki mbili na nusu, na miezi sita mbele, na mwezi mmoja wa dalali, na elfu kumi ya usumbufu kabla hujaona hata geti. Mdogo wangu ni mwalimu. Alipohamishiwa Dodoma alionyeshwa nyumba Ilazo, akalipa hela ya usumbufu, wakafika, wakakuta mama anaanika nguo. Nyumba ina mpangaji. Dalali akasema, "Aisee, huyu alisema anatoka mwezi huu," akawasha pikipiki. Hapa Texas kuchukua komisheni au faida bila mteja wako kujua kumeandikwa kwenye sheria miongoni mwa makosa ya kunyang'anywa leseni. Nilipolisoma hilo kwenye kozi ya sheria ya uwakala nililisoma tena kwa sauti.

Cha shangazi kinauma zaidi. Ni mjane, alikusanya hela ya zabibu na ya kiinua mgongo cha marehemu. Dalali akampeleka kwa "mwenye eneo", mzee aliyekaa kwenye kigoda chini ya mbuyu, wakaandikiana mauziano kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, ile yenye mistari na pembeni ina hesabu za mtoto. Mashahidi watatu. Mmoja wao ni bodaboda aliyewaleta. Hakuna aliyemwambia shangazi aende ofisi ya ardhi ya Jiji kuulizia kiwanja hicho, kwa sababu dalali alimwambia huko kuna mlolongo na bei itapanda kesho. Sasa ameonyeshwa bikoni, yale mawe ya mipaka, eneo lilishapimwa na lina barua ya toleo, ile ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, yenye jina la mtu mwingine. Mzee anasema yeye aliuza shamba, si kiwanja. Dalali ndiyo huyo kazima simu, na kesho atasajili laini nyingine aendelee na kazi Nala au Ihumwa, kwa wateja wengine, jina lile lile, uso ule ule.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Sisemi Mmarekani ni mwaminifu kuliko Mgogo, Mrangi au Mnyaturu. Wakala wetu wa Houston hakuogopa hundi yangu kwa sababu ana moyo safi kuliko dalali wa Nzuguni. Simjui moyo wake. Aliogopa kwa sababu ana kitu cha kupoteza. Jina lake liko kwenye tovuti ya tume na namba ya leseni, naliangalia nikiwa jikoni kwangu. Akiadhibiwa, adhabu inatangazwa. Anayefanya kazi hiyo bila leseni anafanya kosa la jinai, jela hadi mwaka mmoja au faini hadi dola 4,000, na hata akimdai mteja komisheni mahakama haimsikilizi. Kuna na mfuko ambao wenye leseni wanauchangia, ili aliyetapeliwa na mmoja wao akishinda kesi na tapeli hana kitu, alipwe. Dalali wetu ana laini ya simu. Laini inabadilishwa kwa shilingi chache.

Najua mtakavyonijibu. Nimeshasoma majibu yenu hata kabla hamjayaandika.

"Umefika Marekani juzi, unatufundisha." Nimezaliwa Chang'ombe, nimekunywa maji ya chumvi ya Dodoma mpaka nimekua, na vumbi la Agosti nalijua kuliko ninavyoijua mvua ya Houston. Sijaja kuwadharau. Na mambo ya kujivunia ninayo. Huku naishi jimbo tajiri lakini hakuna treni ya abiria ya moja kwa moja kutoka Houston kwenda Dallas, wakati shangazi huyo huyo anapanda treni ya umeme Dodoma anashuka Dar, tangu 2024. Nawaonyesha wenzangu kazini picha za stesheni yetu, wanashangaa. Nchi iliyoweza kujenga reli ile inashindwaje kumwandikisha dalali?

"Ni vijana wanatafuta riziki, mnataka kuwabana." Hili linanichosha kuliko yote. Bodaboda pia ni kijana anatafuta riziki, na anatakiwa awe na leseni ya udereva. Mama lishe anatakiwa apimwe afya kabla ya kukuuzia wali wa elfu mbili. Mthamini wa hiyo nyumba ana sheria yake ya 2016 na bodi ya kumsajili. Wakili atakayegonga muhuri kwenye mkataba yuko kwenye orodha, akikosea anafutwa. Anayebaki huru katika mnyororo mzima ni yule anayemshika mteja mkono na kumwongoza alipo mtego, anayeshika akiba ya maisha ya mtu. Huyo hatumuulizi hata cheti cha darasa la saba.

Na msiniambie haiwezekani kwetu. Dalali wa mahakama, yule anayekuja kukamata mali kwa amri ya hakimu, tumeshamwekea kanuni zake za mwaka 2017, na masomo yake yako Lushoto, Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Tukaona huyo akiachwa hivi hivi ataumiza watu. Tuliona vizuri. Basi na wa viwanja tumwone. Maneno ya kuwasajili tumeyasikia miaka nenda rudi.

"Leseni zitauzwa, itakuwa rushwa tu." Inawezekana. Lakini hata leseni ya kununua ina jina, picha na namba. Shangazi angekuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yenye namba, badala ya kwenda kituoni na kusema, "Ni kijana mrefu, anavaa kofia nyekundu." Askari atamwandikia nini?

"Huko nako matapeli wamejaa." Wapo. Tena wengine wakubwa. Mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama kule Missouri lilikuta chama cha mawakala wa nyumba cha taifa na kampuni kubwa walipanga njama za kupandisha komisheni, na Machi 2024 chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi. Tangu Agosti mwaka huo mnunuzi anasaini kwanza makubaliano ya maandishi yanayoeleza wakala wake atalipwa kiasi gani, ndipo azungushwe kuona nyumba. Kwa hiyo ndiyo, walikula. Ila kulikuwa na jina la kushtaki, na kesi ikafika mwisho, na kanuni ikabadilika kwa watu wote.

Sitaki saa 180 Dodoma. Nani ana saa 180, na nani atalipia? Wiki mbili zinatosha kwa kuanzia, kwa Kiswahili. Chuo cha Ardhi kipo Morogoro, Chuo cha Mipango kipo pale pale Dodoma mjini, VETA ipo. Kijana afundishwe tofauti ya barua ya toleo na hatimiliki, namna ya kufanya upekuzi wa umiliki ofisi ya ardhi, ardhi ya kijiji inauzwaje, na kwamba tangu Sheria ya Ardhi ya 1999 mauziano ya ardhi yawe ya maandishi, na si kwenye daftari la mtoto. Apigwe picha, achukuliwe alama za vidole, jina lake libandikwe ofisi ya mtaa na kwenye tovuti ya Jiji. Na akatazwe kabisa kushika kishika uchumba mkononi. Haya yangemwokoa shangazi.

Dodoma ilikuwa mji uliopangwa kabla ya miji mingi yetu. Tulilalamika juu ya CDA, mamlaka iliyopanga mji na kugawa viwanja, na mimi nililalamika, hati za miaka 33 ziliwachosha wazazi wetu, na ilipovunjwa Mei 2017 watu walishangilia mitaani kwetu. Lakini enzi zile ulijua mlango wa kugonga. Baada ya Julai 2016, Rais Magufuli aliposema serikali inahamia, ardhi ikapanda bei usiku mmoja, na kila mwenye pikipiki na simu akawa dalali. Wageni wakaja na hela, wenyeji wa Iyumbu na Ntyuka wakauza mashamba kwa bei ya kutupa, na katikati akasimama mtu asiye na jina akichukua kwa wote wawili. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mji ule naupenda, na nataka kuzeeka pale.

Na wapo madalali waaminifu. Mmoja wa Kisasa namjua tangu shule ya msingi, haweki cha juu, anakwambia nyumba hii maji hayafiki, hii mwenye nyumba ni mkorofi. Anakosa wateja kila siku kwa wanaodanganya, maana mteja hana namna ya kuwatofautisha, wote wana simu, wote wana pikipiki, wote wanasema "bosi, hii usiiachie." Nilimpigia kumweleza habari za vidole. Hakucheka. Aliniuliza leseni yenyewe huku inagharimu kiasi gani, halafu akasema hata laki tano angelipa, mradi iwe na picha yake aitundike kwenye kibanda chake pale barabarani.