Mizani Iliyopima Moshi kwa Dola

Mwaka 1868 familia ya Sanderson ilinunua kiwanja kando ya kijito cha Meadow Brook, mjini Scranton katika jimbo la Pennsylvania, kwa kuwa walikuwa wameyapenda maji yake. Walijenga nyumba, wakatengeneza mabwawa ya samaki na kuvuta maji kwa mabomba mpaka ndani. Baadaye kampuni ya makaa ya mawe ilifungua mgodi upande wa juu wa kijito hicho, ikawa inapampu maji kutoka chini ya ardhi na kuyaachia yateremke humo humo. Samaki walikufa, mabomba yakalika, na maji hayakufaa tena kwa matumizi ya nyumbani. Mama mwenye nyumba alikwenda mahakamani. Hapo mwanzo majaji walikuwa upande wake, lakini mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iligeuka na kuamua kwamba usumbufu mdogo wa mtu mmoja mmoja hauna budi, wakati mwingine, kupisha mahitaji ya jamii kubwa. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mwenye nguvu mpishe, ila wao walikuwa wakitoa ushauri wa busara njiani, si hukumu ya mahakama.

Naanza na kijito hicho kwa sababu nimechoshwa na namna historia ya uchafuzi wa viwanda nchini Marekani inavyosimuliwa. Husemwa kwamba zamani watu hawakujua. Kwamba waliuona moshi wakadhani ni maendeleo tu, mpaka wanasayansi walipowafumbua macho, ndipo sheria zikaja. Sikubaliani na simulizi hiyo. Watu walijua, tena mapema sana, na wengi wao walilalamika kwa maandishi, mbele ya mawakili, kwa gharama zao wenyewe. Kilichokosekana ni utaratibu wa kisheria ambao usingemtaka mgonjwa athibitishe kila kitu huku mwenye bomba la moshi akiwa hadaiwi uthibitisho wowote.

Kabla ya sheria za mazingira, uchafuzi ulihesabiwa kuwa ugomvi wa majirani. Moshi wako umeharibu mahindi yangu, basi nakushitaki, nawe utajibu. Kwa wakulima wawili wanaolingana utaratibu huo una mantiki, lakini kati ya mkulima na kiwanda cha kuyeyusha madini ulikuwa mchezo ulioamuliwa kabla ya filimbi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ducktown, katika jimbo la Tennessee, ambako kampuni za shaba zilikuwa zikichoma mawe ya madini katika malundo ya wazi juu ya kuni. Moshi wenye salfa uliteremka mabondeni ukaua miti na mazao, na eneo la zaidi ya kilomita za mraba 100 likabaki udongo mwekundu mtupu. Wakulima waliomba zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha uchomaji huo. Mwaka 1904 mahakama ya juu ya jimbo iliweka hesabu mezani bila kificho: mashamba ya walalamikaji, yote kwa jumla, hayakufikia thamani ya dola 1,000, ilhali mali za kampuni zilikaribia dola milioni 2. Zuio likakataliwa, wakulima wakaambiwa watapewa fidia.

Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa nikitafuta upotovu ulio dhahiri, na lazima nikiri kwamba ndani ya mantiki yake haina upotovu. Majaji hawakusema moshi hauna madhara, bali waliyakubali madhara yote. Walichofanya ni kuuliza nini kina thamani zaidi, wakajibu kwa dola. Ukishaukubali mzani wa namna hiyo, shamba la mtu mdogo halitashinda kamwe, kwa sababu udogo wa mali yake ndio ushahidi dhidi yake, na moshi wenyewe ndio uliozidi kuishusha bei.

Jambo lililofuata Ducktown husahauliwa, nami naona ni la thamani kubwa. Moshi ulivuka mpaka ukaingia Georgia, na safari hii aliyeshitaki hakuwa mkulima bali jimbo zima. Mwaka 1907 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya jaji Oliver Wendell Holmes, ilisema jimbo lina haki ya kutaka milima na misitu yake isiharibiwe na wageni, bila kulazimika kujieleza kwa hesabu za fedha. Kampuni zikalazimika kuinasa ile salfa. Walipoinasa waligundua kwamba inatengeneza asidi ya salfyuriki inayouzika vizuri sana, na baada ya muda asidi ikawa bidhaa kubwa kuliko shaba yenyewe. Kwa miaka mingi walikuwa wakirusha fedha hewani na kuwaulia miti majirani zao, na kortini wakiapa kwamba hakuna njia nyingine.

Miongo minne baadaye, katika jimbo lile lile la mama Sanderson, mji wa Donora ulikuwa umekaa kwenye kona ya mto Monongahela, kusini mwa Pittsburgh, umebanwa na vilima pande zote. Ulikuwa na wakazi wapatao 14,000, na kando ya mto vilipangana viwanda vya kampuni ya American Steel and Wire, tawi la U.S. Steel: chuma, waya, na kiwanda cha zinki kilichoanza kazi mwaka 1915. Wafanyakazi wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya ya mashariki na kusini, au watoto wa wahamiaji hao. Ng'ambo ya mto, kijijini Webster, nyasi zilikufa na kuuacha mlima uchi, udongo ukimomonyoka kila mvua iliponyesha. Kampuni ililipa madai ya kwanza ya madhara ya afya tangu mwaka 1918, na katika miaka ya 1920 wakulima walishitaki kwa ajili ya mazao na mifugo yao. Kampuni yenyewe ilianza kupima hewa mwaka 1926, kisha ikaacha mwaka 1935. Anayesema watu hawakujua anieleze basi walikuwa wakipima nini kwa miaka hiyo tisa.

Mwishoni mwa Oktoba 1948 hewa ya bonde hilo ilisimama. Tabaka la hewa ya joto lililala juu ya hewa baridi ya chini kama mfuniko juu ya chungu, na kila kilichotoka kwenye mabomba kikabaki ndani. Ijumaa jioni watu walifanya gwaride lao la sikukuu ya Halloween ndani ya ukungu, na Jumamosi mechi ya mpira wa Kimarekani ya shule ya sekondari ilichezwa ingawa watazamaji walishindwa kuuona mpira. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamezoea, kwa sababu ukungu wa viwanda ulikuwa ukija na kuondoka kila msimu wa majani kupukutika. Wakati huo huo wazimamoto walikuwa wakipapasa ukuta hadi ukuta, wamebeba mitungi ya oksijeni, wakimpa kila mgonjwa pumzi chache kisha kumwendea mwingine kwa sababu mitungi haikutosha. Daktari William Rongaus, mjumbe wa bodi ya afya ya mji, aliwasihi wenye pumu na maradhi ya moyo waondoke mjini, na baadaye akayaita mambo yale mauaji, kwa neno hilo hilo. Kiwanda cha zinki kilizima matanuri Jumapili asubuhi, tarehe 31, na siku hiyo hiyo mvua ikanyesha. Watu 20 walikuwa wamekufa. Walioumwa walikaribia 6,000, yaani zaidi ya thuluthi moja ya mji.

Muda si mrefu matanuri yaliwashwa tena.

Kilichofuata ndicho kinachonikera zaidi. Chama cha wafanyakazi wa chuma kilitoa dola 10,000 za kwake ili uchunguzi ufanyike. Idara ya afya ya taifa nayo ilipeleka wataalamu, na ripoti yao ya mwaka 1949 ililaumu mchanganyiko wa gesi na vumbi pamoja na hali ya hewa, bila kumnyooshea kidole mhusika mmoja. Kwa mwanasayansi huo ni uangalifu wa kawaida. Mahakamani ulikuwa zawadi kwa kampuni, kwa maana sheria ya majirani ilimtaka mfiwa athibitishe ni gesi ipi, ya bomba lipi, iliyomuua mtu wake, ambaye pengine alikuwa mzee mwenye moyo mgonjwa tangu awali. Kampuni ilijitetea kwamba tukio lile lilikuwa kudra ya Mungu. Sisi tuliozoea kuambiana msibani kwamba kazi ya Mungu haina makosa tunajua uzito wa maneno hayo yanapotoka kinywani mwa jirani aliyekuja kukufariji. Yanapotoka kwa wakili wa mshitakiwa huwa ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1951 madai yaliyozidi dola milioni 4 yalimalizwa kwa dola 235,000, bila kampuni kukiri kosa lolote. Watafiti waliorudi Donora miaka kama kumi baada ya mkasa walikuta kwamba wale walioumwa mwaka 1948 walikuwa na afya mbaya zaidi na walikufa kwa wingi kuliko wenzao, lakini kesi zilikuwa zimekwisha fungwa.

Najua hoja itakayoletwa hapa, kwa sababu huletwa kila mara: bila moshi ule pasingekuwa na mkate. Si hoja ya kudharau. Wakazi wengi wa Donora wenyewe waliogopa kusema kwa kuwa mshahara wa baba, wa kaka na wa shemeji ulitoka lango moja. Lakini tuziangalie tarehe. Kiwanda cha zinki kilifungwa mwaka 1957 na viwanda vya chuma vikafungwa katika miaka ya 1960, vyote kabla ya sheria kali ya hewa safi ya mwaka 1970. Mitambo ilikuwa imezeeka na mtaji ukahamia kwingine. Leo mji huo haufiki wakazi 5,000. Ulivumilia moshi ili ubaki na kazi, na mwishowe kazi ziliondoka bila sheria yoyote kuzifukuza.

Mto Cuyahoga wa Cleveland, Ohio, sitaujadili kwa kirefu, maana ndio mfano unaotajwa na kila mtu. Nitaje tu kwamba moto wa tarehe 22 Juni 1969, uliowaka juu ya mafuta na taka zilizoelea majini, ule unaosifiwa kuamsha taifa, ulidumu chini ya nusu saa na hasara yake ilikuwa karibu dola 50,000. Mto ule ule uliungua mwaka 1912 na kuua watu 5, ukaungua tena mwaka 1952 na kuteketeza zaidi ya dola milioni 1, wala hakuna sheria ya taifa iliyozaliwa kutokana na mioto hiyo. Hata picha maarufu iliyochapishwa na jarida la Time mwaka 1969 ilikuwa ya moto wa 1952. Meya Carl Stokes aliwatembeza waandishi wa habari kando ya mto siku iliyofuata, akilalamika kwamba mji hauna mamlaka juu ya viwanda vinavyomwaga taka humo. Malalamiko hayo naona yana maana kuliko moto wenyewe: anayeuona uchafu kila siku hakuwa na mamlaka, na mwenye mamlaka alikuwa mbali.

Sheria ya Hewa Safi ilitiwa saini na Rais Richard Nixon tarehe 31 Desemba 1970, na ile ya maji ikapita mwaka 1972 baada ya Kongresi, yaani bunge la nchi hiyo, kuishinda kura yake ya turufu. Wengi huzisifu kwa vipimo na faini zake. Mimi nazisifu kwa jambo lisiloonekana sana, nalo ni kuuhamisha mzigo. Anayetaka kumwaga taka mtoni ndiye anayepaswa sasa kuwa na kibali, na viwango vya hewa ya nchi nzima vinawekwa kwa kuangalia afya ya watu pamoja na akiba ya usalama, pasipo mgonjwa kusubiriwa afe kwanza na kesi yake ifunguliwe. Sheria hizo zina mapengo, na lile kubwa ni kwamba mitambo mikongwe ya umeme iliachwa iendelee kwa miongo mingi bila masharti iliyowekewa mitambo mipya. Hata hivyo, kati ya mwaka 1970 na 2020 jumla ya vichafuzi sita vikuu vya hewa ilipungua kwa asilimia 78, huku uchumi wa nchi ukikua mara kadhaa.

Wenye viwanda hawakuacha kuutafuta ule mzani wa zamani. Walifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani wakidai kwamba serikali inapoweka viwango vya hewa ipime pia gharama watakazobeba wao. Mwaka 2001 majaji wote tisa walikataa, na hukumu iliandikwa na Antonin Scalia, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa kupenda wanamazingira. Alisema sheria haitoi nafasi ya kuweka gharama katika hesabu hiyo. Ilikuwa imepita miaka 115 tangu mama Sanderson aambiwe apishe.