Mkuyu wa bustani yetu, kabla hatujaita msumeno

Masika iliyopita, usiku wa mvua, tawi moja la mkuyu wa bustani ya mtaa wetu hapa Moshi lilidondoka. Lilikuwa nene kuliko kiuno cha mtu mzima. Liliangukia benchi la fundi viatu na kulivunja vipande vitatu. Asubuhi tulipokwenda kutazama, mahali lilipokatikia palikuwa peusi na palaini. Ukibonyeza kidole kinazama. Tangu siku hiyo mtaa umegawanyika. Wapo wanaotaka mti wote uondolewe kabla haujaua mtu, na wapo wanaosema hauguswi. Mkutano wa mtaa umekaa mara mbili na watu wamerudi nyumbani bila uamuzi.

Mimi ni wa upande wa kuubakiza. Lakini naona upande wetu umejibu vibaya, na tukiendelea hivi mti utakatwa, tena kwa haki.

Katika mkutano wa pili mama mmoja alisimama akasema, "Mti ni wa babu zenu, mtoto ni wangu." Wanawe wawili hupita pale kila jioni wakitoka shule. Mzee mmoja, aliyezaliwa miaka mingi kabla ya uhuru, akamjibu kwamba yeye alipokuwa mtoto mkuyu ule ulikuwa mkubwa vilevile, na watu wakapiga makofi. Niliona aibu. Yule mama aliuliza kama watoto wake wako salama, akaambiwa mti ni mzee. Uzee wa mti haumlindi mtoto. Ukitazamwa vizuri, ndio hasa unaomtia mama wasiwasi.

Swali lake lina jibu, na jibu linapatikana kwenye shina lenyewe. Mkuyu wetu una tundu ambalo mtoto anaweza kuingia. Wengi wanaliona kama hukumu ya kifo, lakini mti huishi kwa tabaka jembamba lililo chini ya gome. Kiini cha ndani ni mbao iliyokufa siku nyingi, kazi yake ni kuubeba uzito tu. Mti wenye uwazi ndani unaweza kusimama miaka mingi kama bomba linavyosimama. Kinachoangaliwa ni unene wa ukuta uliobaki. Wakaguzi wengi wa miti hutumia kipimo hiki: ukuta wa mbao isiyooza ukiwa mwembamba kuliko karibu theluthi ya nusu kipenyo cha shina, hatari inapanda. Kwa shina lenye upana wa mita 2, hizo ni kama sentimita 30 pande zote. Kipimo hicho si amri, maana mti uliopunguzwa matawi hubeba upepo mdogo na huweza kusimama na ukuta mwembamba zaidi. Ila kinatutoa kwenye kubishana kwa hisia. Hadi leo hakuna aliyepima.

Kuna jambo jingine lililonikera zaidi. Nilizunguka shina polepole nikahesabu misumari 37 ya mabango ya matangazo, mingine gome limeshaimeza, kimebaki kichwa tu. Ndani ya tundu kuna majivu. Taka huchomewa humo. Upande wa barabara ulichimbwa mtaro wa bomba la maji, na mizizi miwili minene kama paja ikakatwa. Kisha bustani ikapambwa kwa vitofali vya saruji hadi kwenye shina. Mizizi inayokusanya maji na chakula iko karibu na uso wa ardhi na husambaa hadi nje ya kivuli cha matawi, nayo huhitaji hewa, saruji inaikaba. Ile minene iliyokatwa ndiyo iliyokuwa ikiushikilia mti upande ule. Masika udongo ukilowa na upepo ukivuma, upande huo ndio wa kuhofia. Kwa hiyo mti huu haukuwa hatari kwa sababu ya uzee peke yake. Sisi tumeusaidia kufika hapo.

Wanaotaka ukatwe wana hoja ya pili, nayo ni ya haki: kuukata ni gharama ya siku moja, kuutunza ni gharama ya kila mwaka, na mtaa hauna fungu la kazi hiyo. Sisi tunaoupenda hatujatoa hata shilingi. Mfano tunaopenda kuutaja ni wa Nairobi. Mwaka 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkubwa, mti wa jamii ya mkuyu, kando ya barabara ya Waiyaki Way ulikuwa uondolewe. Watu wakapaza sauti, rais akatoa amri ubaki. Ni ushindi mzuri. Lakini amri ya rais huzuia msumeno tu. Haiondoi tawi bovu, haitoi misumari.

Hapa jirani, Old Moshi, upo mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, tarehe 2 Machi 1900. Mti ule unajitetea kwa historia. Hakuna atakayethubutu kuugusa. Mkuyu wetu hauna shahidi wa namna hiyo. Una kivuli cha kijiwe cha bodaboda, mama lishe na meza yake, hondohondo wanaokuja kula kuyu, na popo usiku. Mikuyu huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo ndege hupata chakula hata miti mingine ikiwa mitupu. Kwangu hayo yanatosha, ingawa najua kwa mwenye duka anayefagia kuyu zilizooza kila asubuhi ni karaha.

Wapo wanaosema tuukate tupande kumi. Kupanda nakubali, na tuanze mwezi huu, maana kipande cha tawi la mkuyu kikichomekwa ardhini huchipua. Ujiji, mwembe wa Livingstone na Stanley ulishakufa, na watu huonyeshwa miembe inayosemwa ni uzao wake. Mtoto wa mti apandwe mama angali hai. Lakini mche hautampa mama lishe kivuli mwakani, wala mwaka wa kumi hautafikia nusu ya hiki.

Ninachoomba mkutano ujao ni hiki. Afisa misitu aitwe apime ukuta wa shina na mizizi ya upande wa barabara, kabla ya Machi. Matawi makavu yaondolewe na kilele kipunguzwe kwa awamu, maana mti mzee ukinyolewa mara moja hukosa majani ya kuulisha. Vitofali viondolewe mita kadhaa kuzunguka shina, paoteshwe nyasi na pazungushiwe uzio mfupi, watoto wacheze upande wa pili wa bustani. Na kila kaya inayotaka mti ubaki iandike jina na kiasi itakachochangia kila mwaka. Daftari likibaki tupu, tutakuwa tumejibiwa.

Kipimo kikionyesha ukuta wa upande wa barabara umekwisha, nitanyoosha mkono ukatwe, na nitaumia. Yule mama nilimwambia hivyo nje ya mkutano. Akaniuliza nani atalipa mwaka wa pili. Nikamwambia jina langu litakuwa la kwanza kwenye daftari. Akanitazama, akasema atasubiri kuliona.

Fundi viatu ameshapata benchi jipya. Ameliweka hatua kumi kutoka shina, juani, na alasiri hujifunika kichwa kwa boksi.