Posa ya binamu na viza ya ndoa

Bwawa la Mangla lilipokamilika mwaka 1967 huko Mirpur, Kashmir ya upande wa Pakistan, zaidi ya watu laki moja walikuwa wamehamishwa kwenye ardhi yao. Wengi walikuwa na jamaa Uingereza, katika viwanda vya sufu vya Bradford na karakana za Birmingham, nao wakawafuata huko. Miaka michache baadaye ikaja Sheria ya Uhamiaji ya 1971, iliyoanza kutumika Januari 1973, na njia ya kuingia Uingereza kutafuta kazi ikazibwa karibu yote. Iliyobaki ni njia ya familia: mke, mume, watoto. Mabishano ya leo kuhusu ndoa za binamu Ulaya hayaeleweki bila historia hiyo.

Desemba 2024 Richard Holden, mbunge wa chama cha Conservative, alipeleka bungeni London muswada wa kupiga marufuku ndoa kati ya binamu wa kwanza. Iqbal Mohamed, mbunge huru wa Dewsbury na Batley, alisimama kuupinga, akashauri elimu na vipimo vya afya kabla ya ndoa badala ya katazo. Norway ilikuwa imeshapitisha marufuku yake mwaka huohuo. Wanaotaka katazo hutaja mambo matatu kwa pamoja: maradhi ya kurithi, ndoa za kulazimishwa, na wingi wa wahamiaji wanaoingia kwa viza ya ndoa. Kila moja lina ushahidi wake na dawa yake, na yakichanganywa hakuna linalotibiwa sawasawa. Kuhusu uhamiaji, msimamo wangu ni huu: wanaolalamika wana ukweli mkubwa kuliko watetezi wa ndoa hizi wanavyokubali, lakini marufuku inampiga mtu asiyestahili kupigwa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuko nje ya jambo hili. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inamtaja binamu katika orodha ya ndugu wasioruhusiwa kuoana, kisha katika kifungu hichohicho cha 10 inawatoa Waislamu kwenye katazo hilo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inakataza shangazi, mjomba na mpwa, lakini binamu hayumo. Lamu, Mombasa na Unguja, kumposa mtoto wa ami ni jambo la heshima. Kwa jamii nyingi za bara jambo hilohilo ni mwiko wa kutafutiwa tambiko. Na Wazanzibari na Wabarawa, watu wa Barawa katika pwani ya Somalia, walioko London wanapokea posa kutoka nyumbani kama wanavyopokea watu wa Mirpur. Afisa wa viza anayefungua faili lao huanza na swali moja: ndoa hii ni halali kwa sheria inayowahusu hawa wawili? Binamu wawili Wakristo kutoka Kenya wataangukia hapo hapo, kabla hata picha za harusi hazijatazamwa.

Hoja yenye uzito zaidi kuhusu uhamiaji ilitolewa zamani na mwanaanthropolojia Roger Ballard, aliyelinganisha makundi mawili yaliyotoka Punjab na maeneo ya jirani kwenda Uingereza: Masingasinga wa Jalandhar na Waislamu wa Mirpur. Wote walikuwa wakulima, wote walianza na kazi za viwandani, wote walikutana na sheria zilezile. Tofauti yao kubwa ilikuwa kanuni za ndoa. Singasinga haruhusiwi kuoa ndani ya ukoo wake wala koo za karibu za wazazi wake. Kwa hiyo kaka aliyebaki Jalandhar hawezi kumwambia kaka yake wa Uingereza, "Nipe binti yako kwa mwanangu." Kwa mtu wa Mirpur, ombi hilo ni haki inayotambulika, na kulikataa ni kumvunjia ndugu heshima mbele ya ukoo mzima. Masingasinga wakazidi kuoana na wenzao waliokulia Uingereza. Watu wa Mirpur wakaendelea kuleta wachumba kutoka nyumbani, kizazi baada ya kizazi.

Hapa ndipo watetezi wengi hunyamaza, na hawapaswi kunyamaza. Viza ya mwenza ikishaingia ndani ya posa, posa inabadilika. Baba aliyeko Bradford huenda alipata nauli yake kwa jasho la kaka aliyebaki akilima. Deni hilo halikuandikwa popote, lakini kila mtu katika ukoo analijua. Mpwa akifika umri wa kuoa, ombi linalokuja limebeba vitu viwili kwa pamoja: mke, na maisha mapya Ulaya. Binti akikataa, anaambiwa amemnyima binamu yake riziki, amemwaibisha baba, amekata udugu. Hakuna aliyemfunga kamba wala kumtisha, na kwa hiyo sheria ya 2014 iliyofanya kulazimisha ndoa kuwa kosa la jinai Uingereza haimfikii. Hata hivyo ridhaa yake imebanwa.

Shinikizo hilo linawabana vijana wa kiume pia. Mume anayeletwa kwa viza hukaa mara nyingi kwa wakwe, na mama mkwe ni shangazi au mama yake mdogo. Anapewa ruhusa ya miezi 33, kisha anaomba tena miezi 30, na hapati ukaazi wa kudumu kabla ya miaka 5. Katika muda huo wote kuwapo kwake nchini kunategemea ndoa hiyo isimame. Mwanamume aliyezoea kuwa tegemeo la nyumba anakuta mkewe ndiye mdhamini, ndiye mwenye kipato, ndiye anayejua lugha na ofisi. Ndoa ikiyumba, ugomvi hauishii chumbani: unafika kwa baba mzazi kijijini, na kaka wawili wazee wanaacha kusemeshana.

Sasa upande wa pili, nao nauheshimu kwa dhati. Wazazi wengi wanaochagua binamu hawafikirii viza kwanza. Wanafikiri: binti yangu ataingia nyumba ninayoijua, mama mkwe wake ni dada yangu, mume akimkosea nitakuwa na wa kumuuliza. Kwa familia iliyotawanyika kati ya nchi mbili, ndoa hiyo inawarudisha watu kwenye meza moja. Wapo wengi walioana hivyo na wanapendana. Isitoshe, Ulaya yenyewe haikuwa na aibu nalo: malkia Victoria aliolewa na binamu yake Albert mwaka 1840, na Charles Darwin alimwoa binamu yake Emma Wedgwood mwaka mmoja kabla. Sheria ya Uingereza imeruhusu ndoa hizi tangu enzi za Henry VIII, karne ya 16. Mtu wa Bradford anayeuliza kwa nini jambo hilo limekuwa tatizo baada ya yeye kulifanya anastahili jibu la maana.

Jibu la kweli ni la afya, na lazima lisemwe bila kuogopa. Utafiti wa Born in Bradford, ulioandikisha kina mama kati ya 2007 na 2010, ulitoa matokeo mwaka 2013 katika jarida la Lancet. Kati ya watoto wa asili ya Pakistan waliohusika, asilimia 37 walikuwa na wazazi ambao ni binamu wa kwanza. Hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro iliongezeka kutoka takriban asilimia 3 hadi 6. Umaskini, ambao wengi walidhani ndio chanzo, haukueleza tofauti hiyo. Ndiyo kusema watoto wengi sana wa binamu wanazaliwa wazima, na utafiti uleule ulikuta ongezeko la kulingana na hilo kwa wanawake wa Kiingereza wanaozaa baada ya miaka 34, ambao hakuna anayefikiria kuwakataza ndoa. Lakini mzazi aliyezika watoto wawili kwa ugonjwa uleule hafarijiki na asilimia. Familia zilizooana ndani kwa vizazi vingi zinahitaji ushauri wa vinasaba mapema, kabla ya posa kujibiwa. Saudi Arabia imelazimisha vipimo vya selimundu na thalasemia, maradhi ya damu ya kurithi, kabla ya ndoa tangu 2004, na wachumba wakipata majibu, uamuzi unabaki kwao.

Jambo linalonivutia zaidi ni lililotokea Bradford baadaye. Watafiti walewale waliandikisha kina mama wengine kati ya 2016 na 2019. Katika kundi la kwanza, asilimia 62 ya wanawake wa asili ya Pakistan walikuwa wameolewa na ndugu wa damu, wa karibu au wa mbali. Katika kundi la pili, asilimia 46. Katika muda wa miaka kumi hivi, kimepungua kilichodhaniwa hakibadiliki, na hakuna marufuku iliyopitishwa. Miongoni mwa sababu walizozitaja watafiti ni mabinti kukaa shuleni muda mrefu, watu kuyajua maradhi, na mahusiano ndani ya familia kubadilika. Wametaja pia masharti ya uhamiaji kuwa magumu. Sitaifunika hiyo ya mwisho kwa sababu hainipendezi. Inaelekea masharti magumu yalimpa binti sababu ya kukataa isiyomlaumu mtu: "Serikali haitaki, baba, kipato changu hakifiki."

Ila tuangalie gharama ya masharti hayo, maana ni hapa watu wasiohusika walipoumia. Kuanzia 1980 hadi Juni 1997, Uingereza iliwataka wenza wathibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yao si kupata makazi. Jambo la namna hiyo halithibitishiki, na waliokataliwa kwa wingi walikuwa wanaume kutoka Bara Hindi. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipoamua mwaka 1985 kwamba kuwabana waume kuliko wake ni ubaguzi, serikali ilisawazisha kwa kuwabana na wake pia. Mwaka 2008 umri wa viza ya ndoa ukapandishwa kutoka 18 hadi 21 ili kuzuia ndoa za kulazimishwa. Kesi iliyoiangusha kanuni hiyo katika Mahakama ya Juu, Oktoba 2011, ilikuwa na kijana wa Chile, Diego Aguilar Quila, na mkewe Mwingereza, Amber. Hakuna aliyewalazimisha, walipendana tu, wakalazimika kuihama Uingereza ili waishi pamoja. Kisha kikaja kipimo cha pesa: pauni 18,600 kwa mwaka kuanzia 2012, pauni 29,000 kuanzia Aprili 2024. Muuguzi msaidizi ambaye mumewe si binamu wala jamaa wa mbali anakwama kwa kipimo hichohicho.

Denmark ilikwenda mbali zaidi. Tangu 2002 mwenza haletwi mpaka wote wawili watimize miaka 24, na mwaka 2003 ikaongezwa kanuni kwamba ndugu wa karibu wakioana, ndoa yao inahesabiwa kuwa na shaka ya kulazimishwa mpaka wao wenyewe waiondoe shaka hiyo. Vijana wengi wa Copenhagen walivuka daraja kwenda kuishi Malmö, Sweden, ili wawe na wenza wao. Na mzigo wa ushahidi ukamwangukia yule ambaye sheria ilidai kumlinda, maana binti aliyeshinikizwa na binti aliyependa wote walitakiwa kusema maneno yaleyale mbele ya afisa.

Marufuku kamili ina kasoro hiyohiyo, na ina nyingine mbaya kuliko hiyo. Kwa sheria ya Uingereza, uwezo wa mtu kuoa hufuata sheria ya nchi anayoihesabu kuwa makazi yake ya kudumu. Binamu wakikatazwa, mtu wa Bradford anayefunga nikahi Mirpur hatakuwa na ndoa machoni pa Uingereza, na viza ya mwenza haitatoka. Wanaohesabu wahamiaji wataridhika. Lakini nikahi kati ya binamu wawili waliozaliwa Uingereza wote itaendelea kusomwa sebuleni, bila cheti. Mwanamke katika ndoa hiyo akiachwa, hana talaka ya mahakama wala mgawo wa mali anaoweza kuudai kama mke. Na baba mwenye nia ya kumshinikiza binti atamtafuta mtoto wa rafiki, au wa binamu wa pili, na shinikizo litabaki palepale.

Ningependa nguvu zielekezwe kwa mtu mmoja: mdhamini asiyetaka. Kitengo cha Uingereza cha ndoa za kulazimishwa, kilichoanza 2005, hupokea simu za wanaoogopa kuwa wameshatia saini fomu ya viza na wanaomba kwa siri ikataliwe. Shida ni kwamba afisa akitumia maneno yake kukataa, mwombaji ana haki ya kujua sababu, na siku hiyohiyo ukoo mzima unajua nani alisema. Uholanzi tangu 2015 huwataka binamu waape kwamba wanaoana kwa hiari yao. Ni bora kuliko marufuku, kwa kuwa angalau inawauliza wahusika, lakini kiapo kinacholiwa ndugu wakisubiri mlangoni hakimfungui mtu kinywa.

Anachohitaji binti huyo ni mahojiano ya peke yake, na mkalimani asiye wa mji wao wala ukoo wao, kabla saini haijawekwa na si baada yake. Maneno yake yawekwe mbele ya jaji bila kupita mikononi mwa jamaa, na barua ya kukataliwa iweze kutaja upungufu wa kawaida wa maombi. Na yule binamu aliyekwisha kuletwa apewe haki ya kuomba ukaazi wake mwenyewe ndoa inapovunjika bila kosa lake, ili mke asibaki amebeba kwa saini yake maisha ya mtu mzima mwenzake, na mume asikae katika nyumba ya shangazi yake kwa hofu ya ndege ya kurudi.