Sita kwa Nne

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi, tulikaa chini ya mwarobaini na watoto wetu wa besiboli, wao wanakula mihogo ya kukaanga, sisi tunapumzisha miguu. Kocha mwenzangu akaanza kuwasimulia habari za Jackie Robinson, Mweusi aliyefungua mlango wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani: timu ya Brooklyn, mwaka 1947, jezi namba 42. Anajua kusimulia. Hata wale watundu wawili wanaokaa nyuma walinyamaza. Alipomaliza, mrushaji wetu mdogo kuliko wote, kijana wa miaka 12 mwenye mashoto, akanyoosha kidole na kuuliza: "Kocha, kwani kabla yake Weusi walikuwa hawajui kucheza?"

Mwenzangu akamjibu kwa upole: "Walikuwa wanajua, mwanangu. Ila ndivyo sheria za wakati ule zilivyokuwa."

Watoto wakaridhika, wakarudi kwenye mihogo yao. Mimi nilipanda daladala na jibu lile limenikwama kooni, na leo ni siku ya nne halijashuka. Sina ugomvi na mwenzangu. Ni mtu mwema na besiboli anaijua kunizidi. Ugomvi wangu ni na hayo maneno "wakati ule". Wakati haufukuzi mtu kazini. Wakati haukai kikaoni ukanyoosha mkono. Tukimwambia mtoto kwamba ni wakati ndio uliofanya, tunawaficha watu waliofanya, na watu hao walikuwa na majina, walikuwa na kikao, na kura zao zilihesabiwa.

Nianze na mtu mwenyewe. George Stovey alizaliwa Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1866, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe kumalizika. Alikuwa mrushaji, na alirusha kwa mkono wa kushoto, sawasawa na huyu kijana wetu ambaye bibi yake mpaka leo anamkataza kupokea sahani kwa mkono ule. Mwaka 1886 alichezea Jersey City. Mwaka 1887 akaenda Newark, timu ya Little Giants, katika Ligi ya Kimataifa, ngazi iliyokuwa inagonga mlango wa ligi kuu. Msimu huo alishinda michezo 33, wengine wanahesabu 34. Miaka zaidi ya 130 imepita na hakuna mrushaji wa ligi ile aliyeifikia idadi hiyo kwa msimu mmoja.

Na mpira wenyewe haukuwa huu tunaowafundisha watoto. Mwaka 1887 mpigaji hakutolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha, alitolewa kwa nne. Msimu ule tu, kisha wakaiacha kanuni hiyo. Kwa hiyo kila mtu aliyesimama mbele ya Stovey alikuwa na nafasi moja zaidi ya kumwadhibu, na kila aliyetolewa kwa straiki alimgharimu mkono wake mrusho mmoja zaidi. Hapakuwa na benchi la warushaji wanne watano wa kupokezana mchezo ukiwa katikati. Aliyeuanza ndiye aliyeumaliza.

Mdakaji wake pale Newark, yule anayempa mrushaji ishara arushe mpira gani kisha anaudaka, alikuwa Moses Fleetwood Walker, naye Mweusi. Miaka mitatu nyuma, mwaka 1884, Walker alikuwa amecheza ligi kuu kabisa na timu ya Toledo. Mrushaji wa Toledo wakati huo, Mzungu aitwaye Tony Mullane, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi, lakini kwa kuwa alikuwa Mweusi, yeye Mullane alizipuuza ishara zake na kurusha alivyojisikia. Kwa hiyo Walker alidaka mipira bila kujua unakuja upi. Anayejua kidogo tu kazi ya mdakaji anaelewa huo ni ukatili gani. Mdakaji akiomba mpira unaokunja ukaja ulionyooka, vidole ndivyo vinavyolipa. Na glovu za miaka ile hazikuwa hizi nene kama mto, zilikuwa ngozi nyembamba tu.

Sasa mweke mtu huyo Newark, mwaka 1887, amechuchumaa nyuma ya mpigaji, anateremsha vidole kati ya mapaja kutoa ishara, na mbele yake kasimama Stovey. Stovey anaitazama ishara, anaifuata. Mpira unakuja ulivyoombwa. Ndio wawili wa kwanza Weusi wanaojulikana kusimama pamoja kama mrushaji na mdakaji katika ligi ya Wazungu. Kila ninapofikiria ushindi ule wa 33 ninaziona kwanza ishara zile zinazopokelewa, kisha ndiyo nazikumbuka namba.

Kisha ikaja tarehe 14 Julai 1887.

Siku hiyo Chicago White Stockings, mabingwa wa ligi kuu, walikuja Newark kwa mechi ya kirafiki. Nahodha na meneja wao alikuwa Cap Anson, jina kubwa kuliko yote katika besiboli ya enzi ile. Stovey ndiye aliyetarajiwa kurusha. Hakurusha. Mashabiki waliambiwa uwanjani kwamba kanuna. Mtu aliyeibeba timu msimu mzima, anayetamani kuliko wote kurusha dhidi ya mabingwa, ati kanuna! Gazeti moja la Newark likaja kuandika baadaye kwamba imejulikana Anson ndiye aliyekataa kucheza na Mweusi, na kwamba kama watazamaji wangeyajua hayo, wasingempigia makofi aliposhika gongo, wangemzomea.

Kama tungeishia hapo, mwenzangu angeweza kuniambia: unaona, ndivyo wakati ulivyokuwa. Lakini turudi nyuma miaka minne, tarehe 10 Agosti 1883, Toledo. Anson huyuhuyu anafika na Chicago hiihii, anamkuta Walker huyuhuyu, na anatoa vitisho vilevile kwamba timu yake haitaingia uwanjani na Mweusi. Walker siku hiyo alikuwa na mkono unaouma, hata hakupangwa kucheza. Meneja wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia vitisho hivyo akampanga kwa makusudi, akamwambia Anson kwamba akiondoka anaondoka bila sehemu yake ya mapato ya mlangoni. Anson akapiga hesabu, akacheza.

Mtu yuleyule, dai lilelile. Mwaka 1883 alikataliwa, akanywea. Mwaka 1887 alikubaliwa, akashinda. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza alikutana na mtu aliyesema hapana. Newark hawakuwa na uti wa mgongo wa Morton, basi. Wangeweza kusema hapana. Tunajua wangeweza, kwa sababu mwingine alishasema na mechi ikachezwa na mbingu hazikuanguka.

Na siku hiyohiyo ya 14 Julai, Newark wakiwatangazia watu uongo wa kununa, wakurugenzi wa Ligi ya Kimataifa walikuwa wamekaa kikao Buffalo. Walielezwa kwamba baadhi ya wachezaji wazuri wa Kizungu wanataka kuihama ligi kwa sababu ya Weusi. Wakapiga kura: katibu wa ligi asiidhinishe tena mkataba mpya wa mchezaji Mweusi. Sita waliunga mkono, wanne walipinga.

Isomeni tena hiyo hesabu. Sita kwa nne. Kura mbili zingehama, hoja ingeanguka. Waliounga mkono ni timu zisizokuwa na Mweusi hata mmoja, na mojawapo, Binghamton, ilikuwa imetoka tu kuwaondoa Weusi wake wawili. Mmoja wao alikuwa Bud Fowler, mwanamume aliyekuwa amecheza mpira wa kulipwa tangu 1878, aliyekuwa akipiga vizuri kuliko wengi wa wenzake, na ambaye wenzake hao ndio waliopeleka telegramu kwa viongozi kusema hawatacheza naye. Timu zilizokuwa bado na Mweusi zilipiga kura ya hapana. Sitawapamba. Huenda walikuwa wanalinda tiketi zao na wachezaji wao tu. Lakini hapana ni hapana, na zilikuwa nne.

Nikubali jambo moja, ingawa silipendi: chuki ilikuwepo tele kabla ya kura, na Anson hakuianzisha peke yake. Mwezi Mei mwaka huohuo, Syracuse, timu nyingine ya ligi hiyo, walimpeleka mrushaji wao kijana Robert Higgins kucheza Toronto, na wenzake wenyewe wakaiachia mipira kwa makusudi mpaka timu yao ikafungwa 28 kwa 8. Wiki chache baadaye wawili walikataa kukaa naye kwenye picha ya timu. Higgins alivumilia mpaka 1888, akarudi kwao Memphis kwenye duka lake la kinyozi. Ndiyo, hayo yote yalikuwepo. Lakini chuki ya mtu na uamuzi wa kikao ni vitu viwili. Mmoja wa wale waliokataa picha alisimamishwa na uongozi wa Syracuse. Maana yake uongozi ulikuwa na uwezo wa kuchagua, na siku ile ulichagua vizuri. Kule kikaoni Buffalo ukachaguliwa upande mwingine.

Msimu ulipoisha Newark hawakuendelea na Stovey. Mshindi wa michezo 33! Alikuwa na miaka 21. Mwaka 1888 alicheza Worcester, kisha miaka iliyofuata akazunguka na timu za Weusi, Cuban Giants wakiwemo, ambao hakuna hata mmoja wao aliyetoka Cuba. Walker alihamia Syracuse, akabaki huko mpaka 1889, na alipoondoka, mlango wa Ligi ya Kimataifa ukafungwa kabisa. Ulikuja kufunguliwa tarehe 18 Aprili 1946, na aliyepita ni Jackie Robinson, akiwa na Montreal, kabla hajafika Brooklyn. Mechi yake ya kwanza ilichezwa Jersey City, mji uleule aliorusha Stovey miaka 60 kabla.

Stovey hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1936, huko huko Williamsport. Miaka mitatu baadaye, 1939, mambo mawili yalitokea: Cap Anson aliingizwa katika Jumba la Heshima la Besiboli pale Cooperstown, na Williamsport ikazaliwa Little League, mashindano ya watoto ambayo sasa ndoto zote za watoto wetu zinaelekea huko. Wanaofuatilia mnakumbuka majirani zetu wa Uganda. Mwaka 2011 vijana wa Kampala walifuzu, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi wakafika, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, na wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Nililia siku ile, na wakati huo sikujua kwamba ni mji wa Stovey. Hakuna mtangazaji niliyemsikia akimtaja.

Mwaka 2024 ligi kuu ya Marekani iliingiza takwimu za ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 kwenye vitabu vyake. Nilifurahi, na bado nafurahi. Fowler naye aliingizwa Cooperstown mwaka 2022, karibu miaka 110 tangu afe. Vizuri. Lakini Stovey alicheza kabla ya 1920, kwa hiyo hesabu mpya hazimgusi. Na hakucheza ligi kuu, kwa sababu mlango ulifungwa yeye akiwa na miaka 21, kwa hiyo hesabu za zamani hazimgusi pia. Kibao cha Anson kipo ukutani. Cha Stovey hakipo, na mimi nataka kiwepo, na nataka tarehe 14 Julai 1887 iandikwe juu yake.

Leo jioni tulikuwa na mazoezi tena. Nilimwita yule kijana pembeni, nikamweleza yote, Toledo, Newark, Buffalo. Alisikiliza huku anazungusha mpira mkononi akitafuta mshono kwa kidole. Hakuuliza habari ya Anson. Aliuliza ile kanuni ya straiki nne, kama naisema kweli. Nikamwambia tuicheze. Tukacheza hivyo, wapigaji wakashangilia kupewa nafasi ya bure, naye akarusha na kurusha. Kwenye zamu ya tatu nikamwona anazungusha bega, nikasimamisha mchezo kabla hajaomba.

Alikuja amelowa jasho, akanipa mpira kwa mkono wa kushoto, kisha akaubadilisha haraka kwenda wa kulia kwa adabu. Nikamwambia nipe tu na huo huo.

"Kocha," akaniuliza, "huyo Stovey alikuwa anarusha hivi siku ngapi kwa wiki?"